Asubuhi za Mkalimani Aliyestaafu

Jumatatu iliyopita, baina ya alasiri na magharibi, alifariki nyumbani kwake Mkunazini bwana mmoja ambaye kwa karibu miaka thelathini sauti yake ilisikika zaidi katika mahakama ya mji huu kuliko sauti ya jaji yeyote, na hata hivyo hapana aliyewahi kumsikia akisema lake. Alikuwa mkalimani. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa, na waliomjua watakuwa wameshamtambua kabla hawajafika mstari huu. Amezikwa asubuhi ya Jumanne. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha na jua likiwaka papo hapo, na mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole, nikipita njia ndefu bila ya sababu.

Nilimjua tangu nilipokuwa mwanagazeti mchanga nikikaa benchi la nyuma kortini na daftari langu. Kanuni ya kazi yake ilikuwa moja: mtu akisema "mimi", naye aseme "mimi". Basi nilimsikia akikiri kuiba nazi, akilalamika kuachwa na mume, akikana kwamba alimpiga jirani yake kwa mchi, yote kwa sauti ile ile ya upole, mikono ameifunga nyuma na tarbushi imenyooka kichwani. Kihindi alikipata utotoni katika maduka ya Mkunazini, Kiingereza skuli, na Kimakunduchi kwa mama yake, aliyekuwa mtu wa kusini. Siku moja nilimuuliza, "Huchoki kuwa watu wote hao?" Akacheka. "Nikifika nyumbani navua kanzu," alisema, "na wao nawavua pamoja nayo."

Ilipofika siku yake ya kustaafu, wenzake walimfanyia chai na sambusa, na wakampa bakora nzuri ya mpingo, ingawa miguu yake ilikuwa mizima kuliko ya wengi wao. Alikwenda nayo nyumbani akaitundika ukutani. Wiki za mwanzo alifurahi. Alipanga upya makabati ya mkewe. Alihesabu mabati ya paa. Kisha akakaa dirishani. Sasa, nyumba yao ilitazamana na nyumba ya Mhindi mmoja mwenye duka la nguo, na uchochoro uliopita kati yao ni mwembamba hata mtu huweza kumpa mwenziwe bakuli kutoka dirisha hadi dirisha. Mkewe na mke wa Mhindi yule walikuwa marafiki wa miaka ishirini, huyu akisema kwa lugha yake na yule kwa yake, na mikono ikisaidia. Kila msimu wa ndimu mkewe alipeleka chupa ya achari, na yule bibi akionja hucheka, huweka mkono kifuani, husema maneno mawili matatu. Safari hii mkalimani alikuwa dirishani. Akafasiri, kama alivyozoea, bila ya kuongeza wala kupunguza: "Anasema achari yako ina chumvi mno, lakini anaila kwa sababu anakupenda."

Mkewe alisikia nusu ya kwanza tu. Dirisha lilifungwa siku kumi na nne. Mimi nilifika kuwatembelea katika siku hizo, na mkewe akanishitakia mbele yake: "Miaka ishirini tumekaa vizuri bila ya mkalimani. Huyu kakaa dirishani siku moja, katugombanisha! Mwambie atoke, bwana we. Mwambie aende popote." Yeye alikuwa amejilaza kwenye kochi, macho yako darini. Tulicheka sote watatu, lakini yeye alicheka kidogo na kwa kuchelewa, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Baada ya hapo aliacha kunyoa ndevu kila siku. Akila chakula cha mchana hulala, akiamka husikiliza. Aliniambia kwamba katika ule utulivu wa saa tisa, mji umefunga milango na hata kunguru wamenyamaza, ilimjia ile minong'ono ya watu aliowasemea. Hawakumtisha. Walikuja tu, mmoja mmoja, mvuvi wa Mkokotoni, mwanamke wa Fumba aliyedai mahari yake, mpagazi wa gatini, kila mmoja akimwambia jambo lake, naye midomo ikimtikisika kama anayefasiri, na hapana jaji aliyekuwapo kusikiliza. "Naamka," alisema, "sijui leo Jumatatu au Alkhamisi. Na linalonishangaza ni kwamba sioni haja ya kujua."

Nimelifikiri sana neno hilo. Wazee wetu hawakustaafu. Mkulima nguvu zikimpungua huacha shamba la mbali akabaki na la karibu, kisha akabaki na vitalu vya mchicha nyuma ya nyumba. Kazi ilimwachia kidogo kidogo, kama maji yanavyokupwa ufukweni, na hapakuwa na siku moja ambayo mtu angeweza kusema, leo basi. Hii siku moja, yenye barua na chai na pensheni, imekuja na ofisi. Na imetuletea mjini mtu wa namna mpya ambaye hatujamzoea: mzima wa mwili, kanzu imepigwa pasi, saa tatu ya asubuhi amesimama mlangoni pake akitazama huku na huku, hajui aelekee wapi. Wako wanaosema acheze bao. Bao ni zuri. Lakini nimewaona wanaocheza bao tangu asubuhi hadi adhuhuri, na nyuso zao si za watu wanaocheza.

Lililomtoa kwenye kochi lile lilikuwa jambo dogo. Mama mdogo wa mkewe alikuja kutoka shamba akalazwa hospitali kwa homa, naye akatumwa kumpelekea uji. Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Makunduchi, mwembamba, amegeukia ukuta. Nesi alimwambia kwamba bibi yule ana ugonjwa wa tumbo, anatakiwa apasuliwe, na siku mbili zote hataki, na akieleza sababu maneno yake hayakamatiki. Watu wa mjini humwitikia kwa kichwa tu. Mkalimani akaweka bakuli la uji chini. Aliniambia kwamba alisimama pale kitambo kizima akisubiri kuamrishwa, maana kortini mkalimani hafungui mdomo mpaka aambiwe. Hapana aliyemwamrisha. Akavuta kiti.

"Shikamoo, bibi," alimwambia kwa lugha ya mama yake, nami nayaandika kwa lugha ya mjini.

"Marahaba." Akageuka kumtazama.

"Wanataka kukupasua. Wewe wasemaje?"

Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumuuliza mtu swali lililotoka kichwani mwake mwenyewe. Yule bibi alimjibu kwamba kaka yake alikuwa baharia, akapasuliwa huko ng'ambo, katika nchi ambayo jina lake hata hawezi kulitamka. Walimlaza usingizi. Hakuamka. "Wanasema na mie watanilaza," alisema. "Nani atakayeniamsha?"

Akaenda kwa daktari, kijana wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini. Daktari akasema, "Mwambie asipopasuliwa hafiki Ijumaa." Kama ingekuwa kortini angeligeuka akalifasiri neno hilo kama lilivyo. Badala yake akauliza, "Mgonjwa nani humwamsha?" Daktari akashangaa. Akasema dawa ikiisha nguvu mtu huamka mwenyewe, nesi humwita tu jina lake.

"Naweza kumwita mie?"

Daktari alimtazama ndevu zile ambazo hazijanyolewa, akakubali.

Akarudi kitandani. "Bibi, ntakuamsha mie."

"Wewe nani?"

Aliniambia kwamba swali hilo lilimpa tabu. Mara ngapi alikuwa ametamka "mimi" maishani mwake, na kila mara ikawa ni mtu mwingine! Alifikiri kidogo kisha akasema, "Mie mama yangu katoka kwenu. Nakaa Mkunazini. Sina kazi." Yule bibi akamtazama, kisha akasema, "Haya."

Asubuhi ya pili alifika amenyoa. Bibi alipotolewa chumba cha kupasulia alilazwa kitandani kwake, na yeye akakaa kitini. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa bahari ukiingia na kutoka katika pazia, na yeye akiliita jina la bibi, akisubiri, akiliita tena. Ilichukua muda. Mwishowe, bila ya kufumbua macho, bibi akaitika: "Naam."

Alitoka nje akaegemea ukuta, akalia mpaka watu wakamdhania kafiwa.

Bibi yule alipona akarudi kwao kwa gari la shamba. Na mkalimani tangu siku ile hakukosa hospitali, ila Ijumaa na sikukuu, kwa muda wa miaka sita. Alikaa na watu wa Tumbatu na wa Paje, na vikongwe wa Kihindi ambao watoto wao walikuwa dukani. Wengine walipona. Wengine aliwaita hawakuitika. Mkewe alianza kulalamika kwamba mumewe haonekani nyumbani, na alilalamika kwa furaha, kila aendako.

Jumanne, tulipokuwa tumetoka makaburini, nesi mmoja aliyekuja kutoa pole alinieleza kwamba asubuhi ile, kabla habari hazijafika wodini, mgonjwa mmoja mvuvi alikuwa ameshauliza mara tatu: "Yule bwana leo mbona haji?" Mimi nimebakiwa na miaka minne nami nipewe barua yangu ya kustaafu, na watu wameanza kuniuliza nitajishughulisha na nini, kama vile wakati ni mdudu wa kufukuzwa na mtu akipata mwengo mzuri wa kumpungia atastarehe. Sijui nitakwenda wapi. Ninalolijua sasa ni kwamba haitoshi kupata mahali pa kukalia asubuhi zangu. Inanibidi nipate mahali ambapo nisipofika, mtu atauliza.