Picha za Walowezi Dirishani

Gundi ya unga wa ngano ikipata unyevu hunuka kama uji uliochacha, na harufu hiyo siiwezi hadi leo. Juzi mwanangu alikoroga ya kwake jikoni abandike kishada, nikamfukuza na kishada chake, akanitazama kama mtu aliyeona mama yake akichanganyikiwa. Sikumweleza. Ndiyo harufu ya chumba chetu cha Xiaobei, Guangzhou, ghorofa ya saba, nyuma ya jengo la Tianxiu, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa na mama akafunika dirisha zima kwa picha za Wamormoni. Huko kusini mwa China kuna majuma, Machi na Aprili hivi, ambapo kuta zenyewe hutoka jasho. Sakafu inateleza, chumvi inageuka rojo ndani ya kopo, na nguo uliyoifua Jumatatu bado ni mbichi Ijumaa. Gundi ya mama ililainika ikaanza kunuka, na hatukuweza kufungua dirisha, kwa kuwa dirisha ndilo lililobandikwa.

Picha zenyewe aliziacha baba. Yeye na mama walikuwa wafanyabiashara wa Kahama, miaka ile ambayo kila aliyekuwa na duka Kahama alitaka kusema amefika China. Mama alifuata nguo za watoto kwenye majengo ya jumla ya barabara ya Zhanqian. Baba alifuata kila kitu, na zaidi sampuli za bure. Siku moja alirudi kutoka kiwanda cha uchapaji na kalenda kubwa, moja ya zile ambazo mteja wa Marekani aliagiza zikazidi. Kila mwezi ulikuwa na picha ya zamani, ya rangi ya chai ya maziwa: Wamormoni, watu wa dini waliohama na watoto na vyombo, wakakokota mikokoteni hadi nchi kavu isiyo na mtu waliyemjua. Baba aliwapenda mno. "Angalia wanaume hawa," alikuwa akisema, "wameondoka na hawakugeuza shingo." Mama aliguna tu, akaendelea kukunja magauni.

Niliko mimi katika hadithi hii ni kwenye pasi ya baba. Enzi hizo mtoto aliweza kuandikwa ndani ya pasi ya mzazi, na mimi niliandikwa katika ya baba, jina na tarehe ya kuzaliwa, mstari mmoja kwa kalamu ya bluu. Tulikwenda likizo ya Desemba, wiki tatu, nikaone dunia. Januari baba akasema anakwenda mji wa Yiwu siku nne kuangalia mashine za kukoboa. Akaweka pasi yake katika mfuko wa shati, akanibusu kichwani, akaondoka nayo. Siku nne zikawa wiki. Kwenye simu alisema kesho kutwa, kisha akasema wiki ijayo, kisha simu ikawa inaita bila mtu. Tiketi ya mama ilifika siku yake, naye mama akaitazama siku hiyo ikipita. Angeweza kuondoka. Pasi yake ilikuwa sandukuni, viza ilikuwa bado hai, na kilichomzuia ni mimi tu. Februari viza yake nayo ikafa, tukawa sawa.

Kuanzia hapo tukawa watu wa ndani. Polisi walikuwa wakipita mitaa ya Xiaobei na neno moja mdomoni, "huzhao", yaani pasi, na Mwafrika asiye nayo alipandishwa gari. Mama aliogopa ngazi, akaogopa mlinzi wa jengo, na zaidi aliogopa mzee wa Kichina wa jengo la jirani, lililokuwa karibu mno hivi kwamba angeweza kutupokeza kikombe dirishani. Ndipo akakoroga unga, akachana kalenda, akabandika. Picha saba zilitutazama sisi. Moja, ya juu kulia, aliigeuza iangalie nje, sisi tukabaki na mgongo mweupe. Nilipomuuliza kwa nini, alisema amekosea. Sheria za chumba zilikuwa chache: usivae viatu, usivute maji chooni mara mbili, usicheke kwa sauti. Nje nilisikia matoroli ya mizigo yakiburuzwa tangu asubuhi, watu wakipigana bei, dunia nzima ikinunua, nami nilikaa kitandani na miguu yangu mitupu nikihesabu vigae.

Nilichokuwa nacho ni Wamormoni. Niliwajua kuliko nilivyowajua binamu zangu. Kulikuwa na familia iliyosimama mbele ya nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, mlango tu ndio uliokuwa nje. Kulikuwa na mwanamke amekaa kwenye kiti kizuri katikati ya uwanja wa vumbi, kana kwamba sebule imemkimbia. Hakuna aliyecheka. Wote walikaza macho na kubana mikono, nami sikuwa na shaka yoyote kuhusu sababu yake: walikuwa wanajificha, nao walikuwa wameambiwa na mama yao wasipige kelele. Katika picha ya mkokoteni kulikuwa na mtoto mmoja aliyetikisika wakati anapigwa picha, kichwa chake kikawa ukungu. Huyo alinitisha. Niliona hiyo ndiyo adhabu ya kutotulia, nikawa nakaa kimya hadi shingo inauma.

Siku moja Machi akaja Anko Sospeter, mfanyabiashara wa Tabora aliyekuwa anatoka Yiwu. Mama alinisukumia bafuni akavuta mlango, lakini bafu lenyewe lilikuwa la kusikia kila kitu.

"Shemeji, sitakuficha," alisema Anko. "Nimemwona jamaa kwa macho yangu. Amelowea kule. Wewe panga mambo yako urudi nyumbani."

"Atakuja," mama alisema. "Anajua mtoto yumo kwenye pasi yake."

"Shemeji."

"Nimesema atakuja, Sospeter."

Mimi niliposikia amelowea nilifurahi. Hatimaye sababu! Neno hilo sikulijua vizuri, kwa hiyo jioni alipotuletea mchele Maman Béa, jirani yetu kutoka Lubumbashi, ambaye kwa huruma yake ndiye aliyekuwa miguu yetu sokoni, nilimuuliza kwa kunong'ona kulowea ni nini. Alifikiri, akiwa na beseni kiunoni. "Njo kulobana, mutoto," akasema. "Mvula ilimupika papa yako." Akaongeza kwamba asipovua zile nguo, gripi, yaani mafua, itamukamata. Kumbe baba amenyeshewa tu; nikatulia. Mvua ilikuwa hainyamazi wiki nzima, kuta zenyewe zimelowa, kwa nini baba asilowe? Nilitoa shati lake jeupe kwenye sanduku, nikaliweka chini ya godoro mahali pasipofika unyevu, nikalilalia ili liwe kavu na lenye joto siku atakapoingia. Kila asubuhi nililipapasa. Nililiweka hivyo kwa siku kumi na nane, na siku zote hizo nilikuwa na raha ya mtu mwenye kazi.

Asubuhi ya kumi na tisa ile picha iliyogeuzwa ikabanduka yenyewe, ikaanguka chali kitandani kwangu. Alikuwa mwanamume mwenye ndevu amekaa kitini. Nyuma yake walisimama wake zake watatu wenye nguo ndefu, mmoja mzee kidogo, na watoto wengi kama darasa. Mama alitoka bafuni akaona mwanga wa nje umeingia, akakimbilia unga. Alivuta godoro asimame juu ya chaga, ndipo akaliona shati.

"Esta, hili linafanya nini hapa?"

"Ni la baba. Atabadilisha akifika."

"Abadilishe nini?"

"Si amelowa? Anko Sospeter alisema amelowea."

Mama aliteremka kwenye chaga. Nilimwona anataka kucheka, na nusu ya kicheko ilitoka kweli, ya kwanza tangu Januari. "Si kulowa, mwanangu. Kulowea." Akaokota picha, akagusa yule mwenye ndevu kwa kidole chenye gundi. "Unawaona hawa? Hawa tunawaita walowezi. Mtu akihamia mahali, akajenga, akaweka mke, akakaa moja kwa moja, asirudi tena alikotoka, huyo tunasema..."

Hakumalizia. Tangu Anko Sospeter aondoke mama hakuwahi kulitamka neno lile, nadhani, na sasa lilikuwa limefika kwenye ulimi wake mwenyewe, mbele yangu, kama somo la darasa la tatu. Nilimwangalia akiangalia picha. Alimtazama zaidi yule mwanamke mzee kidogo. Niliogopa, nikamshika sketi. Mvua ilisikika kwenye bati la jirani, na mzee wa Kichina, kupitia nafasi ile iliyobaki wazi, alitupungia mkono. Ni hilo tu. Miezi yote hiyo tulimwogopa mtu ambaye alitaka kutusalimu.

"Amelowea," mama akasema, kwa sauti ya kawaida. Kisha akasema, "Vaa viatu."

Viatu havikuniingia. Miguu ilikua ndani ya chumba kile bila kumwambia mtu. Nilivaa kandambili za mama, nikateremka ghorofa saba zikinipiga kisigino, *pa, pa, pa*, kelele ambayo kwa miezi ilikuwa dhambi, na mama hakuniambia nyamaza. Tulikwenda kituo cha polisi kwa miguu yetu, mchana kweupe. Afisa alisema "huzhao", mama akatoa yake. Alipoonyesha kidole kwangu, mama alijibu "meiyou", hakuna, neno tulilokuwa tunaambiwa madukani tukitafuta saizi. Yalifuata majuma ya karatasi, maswali na madawati, na simu kwa ubalozi Beijing, na mama alilia mara mbili mbele ya watu ambao hawakujua wafanye nini na mikono yao. Lakini kulia kwake kulikuwa nje ya chumba, nami niliona ni nafuu. Nilipigwa picha ya hati ya safari. Mpiga picha alinionyesha kwa ishara nisicheke, nisitikisike. Hilo nililiweza bila mazoezi.

Leo nipo Kahama, na mwanangu ana pasi yake mwenyewe, sura yake mwenyewe, hata kabla hajajua kuandika sahihi. Watu waliniona mjinga, kumkatia mtoto mdogo pasi asiyosafiri nayo. Naiweka kwenye droo pamoja na picha ya mkokoteni, ambayo mama aliibandua akaikunja sandukuni bila kuniambia kwa nini. Yule mtoto wa ukungu hanitishi tena. Nampenda kuliko wote, kwa sababu ni yeye peke yake anayeonekana kwamba alitaka kwenda mahali. Ila bado siwezi kulala chumba ambacho pazia limefungwa, na mume wangu amezoea kuamka jua likiwa usoni.

Baba hupiga simu mara moja moja. Ana Kiswahili kile kile, lakini kimepungukiwa na haraka, kama anakitafuta kwanza mfukoni. Mwezi uliopita alipiga nikiwa uani na mama tunachambua choroko. Alinisalimu, akauliza habari za mtoto, mwishowe akasema, "Na huko kwenu, mvua zimeanza?"

Huko kwenu. Hakusema nyumbani. Nilijibu kwamba zimeanza kidogo, tukaagana, nikaweka simu kwenye ungo.

Mama hakuuliza ni nani. Alitoa kijiwe kwenye choroko, akakitupa.

"Bado amelowa?" akasema.

"Bado, mama."