Foronya ya barua kwenye meza ya Mama Gundi

Saa mbili asubuhi, chumba cha ukarabati katika jengo la kumbukumbu kinanuka wanga uliochemshwa. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili ananawa mikono kwa sabuni, anaikausha kidole kwa kidole, kisha anaketi mbele ya barua iliyopasuka katikati. Anapaka gundi kwa brashi nyembamba, analaza juu yake karatasi laini kama ngozi ya kitunguu, anabonyeza, anangoja.

Wenzake humwita Mama Gundi. Kazi hii ameifanya tangu akiwa msichana, na kwa miaka mingi alikuwa akiunga ramani, hati za mashamba na kumbukumbu za mikutano ambayo hakuna aliyeikumbuka tena. Mwaka juzi ofisi yake ilitangaza redioni kwamba inakusanya barua za uchumba za zamani, ili vijana wa simu wajue wazee wao walivyotongozana kwa karatasi.

Watu waliitikia. Barua zilikuja kwenye makopo na mifuko ya nailoni, nyingine zimetafunwa na mende hadi "mpenzi" imebaki "mpe".

"Huwa sisomi," anasema bila kuinua macho. "Naangalia mpasuko tu. Nikianza kusoma nitalia mchana kutwa, na kazi italala."

Mshahara wake si wa kujivunia. Nusu yake humezwa na kodi ya vyumba viwili anavyoishi na mama yake, fundi cherehani ambaye macho yameanza kumkimbia. Vumbi la makaratasi nalo limemwachia kikohozi kisichosikia dawa. Hata hivyo, anasema, hakuwahi kutamani kuiacha meza ile mpaka siku ilipoletwa foronya.

Ilikuwa foronya nyeupe, imeshonwa mdomo kwa mkono. Alichukua mkasi afumue uzi, akasita.

"Mshono ule naujua. Nimevaa nguo zake tangu nizaliwe," anasema. "Nikajua ni ya mama kabla sijaona hata herufi moja."

Ndani mlikuwa na barua za baba yake, dereva wa lori, alizokuwa akiziandika safarini enzi akimchumbia mama yake. Baadhi zina madoa ya oili hadi leo. Siku hiyo Mama Gundi alisoma.

Baba aliyemjua yeye ni yule aliyeondoka binti akiwa na miaka sita, akaenda kuanzisha nyumba nyingine. Akija kuwaona, alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa bahati mbaya, akaaga kabla chai haijapoa. Mama hakuwahi kumsema vibaya. Hakuwahi kumsema kabisa.

Sasa hapa palikuwa na kijana mwingine, anamwita mama yake "Fundi wangu". Katika barua moja ameandika: "Lori limekwama kwa matope. Wenzangu wanacheza karata. Mimi nimekaa kwenye usukani nakusanya mambo ya kukuambia, lakini nikilipata la tatu, la kwanza limenitoroka. Basi pokea la tatu: nakupenda."

Katika nyingine aliahidi: "Ukishakuwa mke wangu, hutajua tena kungoja."

Hapo aliondoka mezani. Alikumbuka mama yake alivyokuwa akisimamisha cherehani kila lori lilipopunguza mwendo barabarani, akasikiliza, kisha akaendelea kushona.

Mkuu wa kitengo alimshauri kazi hiyo ampe mwenzake. Alikataa. Alisema kama kuna mikono iliyostahili kuziunga, ni ya mtoto wao.

Jioni ile alimkuta mama yake akichagua mchele, akamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba anazipeleka ofisini. Mama akajibu kwamba angemwambia, angezuiwa.

"Na kwa nini hukuzichoma, mama, miaka yote hii?"

"Nizichome kwa kosa gani?" mama alisema. "Aliyeziandika hakunikosea, mwanangu. Aliyenikosea ni yule aliyekuja baadaye."

Wiki chache baadaye, Mama Gundi alichukua nakala za barua hizo akampelekea baba yake. Mzee anaishi peke yake siku hizi, katika chumba nyuma ya gereji alikowahi kutengenezea lori lake. Ile nyumba ya pili nayo haikudumu. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia.

Alivaa miwani, akasoma ya kwanza huku akicheka makosa ya tahajia. Ya pili hakucheka. Alimuuliza binti kama mama yake bado anashona. Binti akamwambia bado, ila hutungiwa uzi na wengine.

Baadaye mzee aliomba karatasi, akakumbuka mkono wake, akamwomba binti amwandikie. Alianza na "Fundi wangu", akasema futa hiyo, hana haki nayo tena.

"Andika hivi," alisema mwishowe. "Nilikuambia hutajua kungoja. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Binti alitia tarehe, akakunja karatasi.

Mama yake alisomewa mara mbili. Kisha akaichukua ile karatasi, akaipapasa kama mtu anayepima kitambaa, akaiweka chini ya mto. Mama Gundi alimuuliza ampelekee jibu gani baba.

"Mwambie imefika," mama alisema. Ni hilo tu.

Barua zote za uchumba zilizokusanywa zitafunguliwa kwa wasomaji mwakani. Ofisi ilimpa mama nafasi ya kuzifungia zake mpaka atakapofariki. Hakutaka, alisema wasome wote, wasichana hasa, ila wakimaliza wamtazame mwanamume mwenyewe, si mwandiko wake.

Mama Gundi ana mpango wake. Anatafuta gari la kumleta baba yake siku ya ufunguzi, kwa kuwa mzee hawezi kupanda ngazi bila kushikwa mkono. Mama ameshasema atakuja asubuhi, ili asikutane na mtu. Baba, kwa aibu, ameomba aletwe mchana.

"Wote nimewaambia saa nne," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anaiweka brashi chini. "Sitaki warudiane, hayo yalishapita. Lakini sikumbuki hata siku moja niliyowahi kukaa katikati yao. Nataka nikae. Hata kama ni kwa saa moja, hata kama hakuna atakayesema kitu."