Vichanja vya Plastiki vya Msambweni

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu utafiti wa miezi minne kwa kitambaa na sabuni. Nilikuwa nimeajiriwa kufagia kituo kidogo cha utafiti kule Msambweni, na mimi nikikabidhiwa mahali hupasafisha. Nyuma ya ofisi, uwanjani, kulikuwa na vichanja vya mbao vilivyoinamishwa kuelekea jua, na juu yake yamefungwa mabamba ya plastiki, meupe, ya buluu na meusi. Yote yalikuwa na ungaunga. Nikayasugua moja moja mpaka yakang'aa.

Mkuu wa Kituo wakati huo alikuwa Profesa Wambeti, mama mrefu kutoka bara aliyezungumza polepole. Alitoka nje, akasimama.

"Nani ameosha haya?"

"Ni mimi, Profesa. Yalikuwa na vumbi."

Akanishika kidole, akakipitisha juu ya bamba la mwisho ambalo sikuwa nimelifikia. Kikatoka cheupe.

"Hili si vumbi, Bi Mwanamisi. Hii ni plastiki yenyewe. Jua linaimega, na sisi tulikuwa tunangoja tuone imemegeka kiasi gani."

Nikafungua leso niliyojifunga kiunoni, nikijua nimekwisha kufukuzwa. Yeye akaniletea daftari.

"Andika kwamba umeosha, na uandike saa."

"Kizungu sina, Profesa. Shule niliachia darasa la tano, kwetu Mkongani."

"Andika Kiswahili. Bamba halijui Kizungu."

Hivyo ndivyo nilivyotolewa kwenye ufagio nikawa mtunza vichanja, kazi niliyoifanya miaka kumi na minane. Nawaeleza nyinyi vijana ilivyokuwa, maana najua wengi mnadhani utafiti ni watu wa koti jeupe kukaa ndani. Kila mwezi nilikata ukanda mmoja kutoka kila bamba, upana wa vidole viwili. Nikautia katika bahasha nyeusi ili jua lisiendelee kuula, nikaandika mwezi wake. Ndani ya kabati la giza lilifungiwa bamba jingine la aina ile ile, tukiliita shahidi, kwa sababu ndilo lililotukumbusha plastiki ilivyokuwa siku ilipozaliwa. Kisha kanda zilitiwa kwenye mashine ya kuvuta, yenye taya mbili. Taya moja inashika huku, moja kule, inavuta mpaka ukanda ukatike. Ukanda wa shahidi ulivutika mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Ule uliokaa juani miaka mitatu ulikatika kama biskuti.

Siku Profesa aliponiita nitazame kwa hadubini, ile darubini ya kukuza vitu vidogo, nilisema Subhanallah na nikarudi nyuma. Niliona ardhi. Niliona bwawa la Kinango wakati wa kiangazi, tope limepasuka, ufa umezaa ufa, nazo nyufa zinakwenda hata jicho linachoka.

"Unywele wako ni mnene kuliko ufa huo," akaniambia.

"Na plastiki hii itakwisha lini?"

"Haitakwisha leo wala kesho. Itakuwa ndogo tu, na ndogo zaidi, mpaka usiione."

Mkeka wangu wa majani ya mwaa ukichakaa nautupa shambani, mchwa wanaula, masika yakipita haupo. Nilikwenda nyumbani nikazitazama ndoo zangu, beseni langu, mtungi wangu wa maji, kama wageni ambao hawajaniambia wanakaa mpaka lini.

Jirani zangu walinicheka. Mwanakombo, ambaye tulichota naye maji kisima kimoja, aliniuliza mbele ya watu, "Ati unalipwa kutazama plastiki ikizeeka? Mimi namtazama Bakari wangu akizeeka mwaka wa ishirini huu, mbona mshahara siuoni?" Nikamwambia ampandishe kichanjani kwanza.

Profesa alipohamishiwa chuo kikuu Nairobi, utafiti ulibaki wake, lakini kituo kikapewa mtu mwingine. Huyo nitamtaja, kwa kuwa yeye hakuona haya kunitaja mimi. Ni Daktari Hamisi Mwatendo. Mwaka wake wa pili aliniambia nikae nyumbani kwa mshahara, eti fedha za kuendeshea kazi zimechelewa. Nikakaa miezi sita.

Niliporudi nilikuta uwanja wetu umejaa saruji na mabati ya rafiki yake aliyekuwa akijenga jumba Diani. Vichanja vilikuwa vimesukumwa chini ya banda la makuti, mabamba yametazamana gizani. Plastiki ilikuwa imepumzika nusu mwaka. Na juu ya meza ya Daktari zilikuwapo bahasha zangu nyeusi, zimeandikwa miezi yote sita. Nikatoa ukanda wa mwezi wa kwanza na wa mwezi wa sita, nikazikunja zote mbili. Zilikunjika sawasawa. Kingo zake zilikuwa mpya, zimekatwa kwa kisu kimoja siku moja.

"Weka sahihi hapa, Bi Mwanamisi," akasema, "kwamba ulikata kila mwezi."

"Miezi hiyo nilikuwa nyumbani, Daktari. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Na mshahara ulikula. Weka sahihi."

"Vichanja vilikuwa kivulini."

"Plastiki ina mdomo? Nani atakwenda kuiuliza?"

"Profesa ataiuliza. Ana mashine."

Akacheka. "Darasa la tano linanifundisha sayansi. Mama, unayo kazi au huna? Chagua."

Nilikuwa mjane, binti yangu anasomea uuguzi, na kazi ile ndiyo iliyotuweka sote wawili. Nikamwomba nikaswali adhuhuri. Nilipomaliza nililichukua daftari nikaandika Kiswahili changu: miezi sita hii sikukata, vichanja vilikuwa bandani, kanda hizi zote ni za siku moja. Nikatia sahihi hapo. Jioni nikalibeba daftari mpaka nyumbani, binti yangu akaupiga picha ukurasa ule kwa simu yake, akampelekea Profesa.

Barua ya kunistaafisha ilinifikia kabla ya mwezi kuisha. Ilisema nimezembea kutunza sampuli. Mwatendo aliiandika kwa mkono wake, na baadaye akapandishwa cheo, akawa mratibu wa vituo vya pwani. Nimeondoka kazini kwa jina la mzembe, na mpaka leo hakuna aliyelifuta. Profesa aliandika barua mbili kunitetea. Hazikujibiwa.

Lakini alikuja mwenyewe kwangu, mwaka uliofuata, na karatasi mkobani. Nikamwamkia shikamoo, akaketi jamvini, akanionyesha mchoro. Ulikuwa mstari mmoja, nguvu ya plastiki ikishuka mwezi kwa mwezi, kila nukta ni ukanda mmoja, nyingi nilizikata mimi. Karibu na mwisho mstari ulikoma. Palikuwa peupe, upana wa kidole, kisha ukaanza tena kwa kanda za aliyeshika kazi yangu, vichanja viliporudishwa juani.

"Hapa ndipo miezi ile sita?"

"Ndipo."

"Si ungeunganisha tu, Profesa? Kutoka hapa mpaka hapa si mbali. Mtu angeona unashuka tu vile vile."

"Pengine ulishuka. Pengine ulisimama. Hatujui, Bi Mwanamisi."

"Na umeandika hivyo? Mbele ya wasomi wenzio?"

Akaniwekea kidole chini ya mchoro, akanitafsiria neno kwa neno: hapa hatujui, na sababu yake ni hii.

Vijana, hasira yangu kwa Mwatendo ninayo, na sitawadanganya kwamba imekwisha. Nilimwona juzi Ukunda, ndani ya gari la serikali, akajifanya hanijui. Lakini namkumbuka mama yule mwenye elimu yote ile, kalamu mkononi, mbele ya nafasi ndogo ambayo mtoto wa chekechea angeiruka kwa mstari mmoja, naye akakataa kuiruka. Nikimkumbuka yeye, hasira hunyamaza.