Mbavu ya Meli na Bidole ya Yaya

Mi nilisoma mpaka shule ya primaire, na ile plan, muchoro ya kuunganisha meli, ilinishinda tangu mwanzo. Naandika hivyo kwanza, musifikiri makosa yote ni ya yaya, ndugu yangu mukubwa.

Mufanyabiashara mumoja wa Kivu, tulikuwa tunamutengenezea milango, alituletea kartoni ku atelye yetu ya useremala, Katuba. Ndani mulikuwa ile plan na meli ndogo ya kuunganisha: mbavu, bipande mingi ya mbao yenye kufanana, kila moja na namba yake yenye kuandikwa na kreyo. Nilimwambia yaya atayarishe mbao, nikaenda soko kutafuta kole ya kubandikia.

Niliporudia, alikuwa amepiga yote papye devere, ile karatasi ya kulainisha mbao. Laini, safi, hakuna namba hata moja. Alikuwa na furaha.

Niliuliza mbavu namba tatu iko wapi.

"Angalia na macho, we mwenye kusoma," alisema.

Nilichukua moja, nikaibandika. Akasema ile ni ya nyuma, akaing'oa, ikavunjika. Nikamuita mujinga mbele ya bamama bauza makala ya moto ku mulango ya atelye. Aliinua mukono. Haikunifikia, sijui kama alitaka kunipiga ao kunizuia. Mi nilipiga kweli, na nyundo ya mbao, nikilenga kichwa. Alijikinga, nikasikia bidole yake inavunjika. Nikapiga tena. Aliniangusha na teke ya tumbo, akanikamata shingo na mukono ya kushoto, akagongesha kichwa yangu ku meza ya kazi mpaka damu iliingia mu macho. Bale bamama njo balituachanisha.

Ku dispanseri muganga alisema bidole mbili ya mukono ya kuume haitakunjika tena. Yaya akamwambia mbao ilimuangukia. Mi nilikuwa pale, wananishona kichwa. Njo pale nilikumbuka: nilisema "tayarisha". Fundi akisikia vile, atafanya nini, kama si kulainisha?

Kisha wiki tatu kupita, alirudia ku atelye. Alijaribu kushika musumeno, ikaanguka. Sikuiokota, niliogopa kumupatisha haya. Tulipanga mbavu chini, kubwa katikati, ndogo ku mwisho. Moja nilisema ni ya mbele.

"Uko na hakika?"

"Hapana, yaya."

"Basi weka."

Akanisukumia musumeno na muguu.

"Unitengenezee mupini ya mukono ya kushoto."

Nilimuomba anipe ule mukono nipime. Alikawia kunipa.