Golikipa wa Wadi Kabir

Sie tuliolelewa Wadi Kabir, hapa Maskati, zamani tukijuana hata kwa kikohozi. Leo nakaa Bawshar, mtaa wa kisasa, nyumba ina vyumba tele na jirani yangu hata jina simjui. Nikiishiwa chumvi naona bora niwashe gari niende dukani kuliko kumgongea. Enzi zetu, mwenzangu wee, mlango ulikuwa wazi tangu alfajiri, na harufu ya mandazi ya iliki ya Bibi ikichanganyika na harufu ya petroli na rangi za magari kutoka magereji. Hata leo nikipita gereji nasikia njaa.

Nyumba zilijaa watu. Haupiti mwezi hajaingia mtu: leo mamkubwa kutoka Unguja, kesho mtoto wa binamu yake baba kutoka Bujumbura, na magodoro yakitandikwa mpaka ukumbini. Na adabu yetu ilikuwa moja, mgeni haulizwi kaja lini wala ataondoka lini. Wenzetu wa bara wana msemo wao, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sie Maskati jembe tukalime wapi, kwenye mwamba? Mtoto akithubutu kumuuliza mgeni siku zake, Bibi alimfinya paja kimyakimya huku anacheka na mgeni. Kwa hiyo tulikuwa hatuulizi. Ukimkuta mtoto usiyemjua yuko kwenye sinia moja na nyinyi, unamsogezea kitoweo, basi. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyotuponza.

Jirani yetu wa ukuta alikuwa mke wa fundi gereji wa Kihindi. Sie watoto tukimwita Didi, yaani dada kwa lugha yao. Alitoka kijiji cha mbali huko India, na akitusimulia kwa Kiarabu chake cha gereji, nasi tukijazia kwa Kihindi chetu cha filamu, tukafahamiana vizuri tu. Kijijini kwao msichana alichota maji, akachunga mbuzi, akaozwa. Akaja mwanamke mmoja na mpira. Akawakusanya wasichana, akawaambia anayetaka kuugusa mpira lazima kwanza awe ametoka darasani. Didi aliupenda mpira kuliko kula. Hivyo akasoma, na baba yake alipotaka kumtoa, timu nzima ilikwenda kukaa mlangoni kwao, imenyamaza, mpaka mzee akaona haya.

Basi Didi naye akatuletea mpira. Na sharti lake akaja nalo: kila mmoja wetu asome ukurasa mmoja kwa sauti kabla hajagusa mpira. Kusoma Kiarabu hajui, lakini ukidanganya alijua, wallahi. Anakutazama tu. "Rudi juu," anasema.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya magereji, kipande cha wadi, yaani mkondo wa mto uliokauka, kilichobanwa na majabali pande tatu. Wanaume hawakufika huko, ndiyo maana tukapachagua. Magoli yetu matairi mabovu. Kwenye yale majabali sauti ilikuwa ikirudi kwa kuchelewa, ukishasahau kwamba ulipiga kelele, na alasiri kabla jua halijazama upepo ulikuwa ukisimama ghafla, ukasikia masikio yako yenyewe. Bibi alipojua tunakwenda huko hakutukataza. Alisema tu, "Pale pana wenyewe. Mkifika pigeni hodi, na adhana ya Magharibi isiwakute."

Tukapiga hodi kila siku. Tunasimama kwenye mdomo wa wadi, tunaita, majabali yanarudisha. Siku moja tukaita, tukajibiwa, "Karibuni."

Hatukushtuka. Tulidhani mmoja wetu katangulia. Tulipoingia tulimkuta msichana wa rika letu kakaa juu ya tairi la goli, gauni la maua la mtindo wa mabibi, nywele kasuka mabutu, miguu mitupu juu ya mawe yanayochoma. Mkononi, karibu na kiganja, alikuwa na kovu pana la moto. Mimi nilijua ni mgeni wa kina Zuwena. Zuwena alijua ni mgeni wa kina Maryam wa jirani, na Maryam akadhani ni wa kwetu. Tukamwita Mgeni, naye akaitika.

Akasimama golini, na hakutoka tena. Yarabi, alikuwa akidaka! Lakini mpira ukiingia mikononi mwake ulikuwa hauna mlio. Unapiga kwa nguvu zako zote, unangoja ule mshindo wa ngozi, kimya. Na ukikurudia unaupokea wa baridi, na sie tuko kwenye joto la Maskati linaloivisha yai. Maryam alisema labda mikono yake ina jasho. Tukakubali. Watoto wanakubali mambo.

Kusoma alikuwa hajui. Tukianza kurasa zetu anakuja nyuma ya Zuwena, anatazama kitabu juu ya bega lake, midomo inacheza bila sauti. Zuwena alikuwa akisikia ubaridi shingoni lakini hakumfukuza, kwa sababu ndiye aliyekuwa na moyo wa kufundisha. Alimwekea kidole chini ya herufi. Mgeni alikuwa na swali moja tu kila tukiondoka, "Kesho mtasoma tena?"

Sasa huyo Zuwena. Ni binti wa ami Nassor, kaka mkubwa wa baba yangu, na katika sie wote yeye ndiye mwenye kichwa. Hesabu akizifanya huku anakuna nazi. Lakini ami Nassor alikuwa ameshatoa neno: mwaka wa skuli ukisha Zuwena anaolewa na mtoto wa rafiki yake huko Sohar. Umri wake wa kucheza nage na kamba! Hakuna aliyembishia, maana ami Nassor alibeba familia nzima tangu babu alipofariki, na neno lake halirudi. Zuwena aliacha kula. Usiku nilikuwa nikienda kulala kwao, nikisikia anajisomea gizani kwa kichwa, kurasa nzima, kama mtu anayeweka akiba. Nilikuwa namlilia rohoni na sina la kufanya.

Halafu mtu akampelekea ami habari kwamba binti yake anacheza mpira na Wahindi huko wadini. Watu wa umbea hawajapungua tangu enzi hizo, wamebadilisha simu tu.

Alikuja alasiri, jua linakaribia kuzama. Tulisikia pikapu yake kabla hatujaiona. Kanzu yake nyeupe, kofia yake ya kushona kwa mkono, na uso ambao sijauona tena mpaka leo.

"We Zuwena! Panda gari. Skuli basi tena. Kesho huendi, wala kesho kutwa. Nshasema."

Zuwena hakulia. Aliinama kuokota vitabu vyake, halafu akaviacha pale chini, akasimama kavikodolea macho. Didi alikwenda akasimama mbele yake, mwembamba vile, na sisi tukajipanga nyuma ya Didi bila kuambiwa. Ami alifungua mdomo atufukuze, ndipo macho yake yakapita juu ya vichwa vyetu, yakafika golini.

Upepo ukasimama.

"Yule mtoto wa nani?" akauliza, sauti haina nguvu.

"Si mgeni wenu, ami?" nikasema.

"Kwetu hakuna mgeni."

Nikamgeukia Maryam. Maryam akatikisa kichwa. "Sie tulijua wa kwenu, Rayya." Siku zote zile, na hakuna nyumba iliyomlaza.

Mgeni alikuwa ametoka golini. Alikuja polepole mpaka mahali Zuwena alipoacha vitabu, akainama juu ya kile kilichofunguka, akaweka kidole chini ya mstari. Akausoma wote, hakukwama. Sie watoto sote tulimsikia. Kisha akamtazama ami Nassor, na uso wake ulikuwa na furaha, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, furaha ya mtoto anayeonyesha kazi yake.

"Kaka Nassor," akasema. "Nshajua kusoma."

Adhana ya Magharibi ikaanza, ikagonga majabali, ikarudi mara kwa mara. Tuligeuka kidogo tu kuelekea ile sauti, kama mtu anavyogeuka. Tulipotazama tena palikuwa na kitabu na mchanga.

Ami Nassor alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Alivua kofia. Alikaa hivyo mpaka adhana ikaisha. Halafu akainuka, akaokota vitabu kimoja kimoja, akavipangusa kwa ile kanzu, akampa binti yake.

"Visije vikasahaulika," akasema. "Kesho skuli."

Njiani kurudi nilimshika Didi mkono. Nikamuuliza mbona hakuwahi kumsomesha Mgeni. Akanishangaa. "Mgeni gani? Golini mimi sijaona mtu. Nyinyi kila siku mnapiga mpira golini patupu, unagonga mwamba, unarudi. Nilidhani ndivyo mnavyocheza kwenu."

Nilimkimbilia Bibi. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye lile kovu la mkononi aliacha kusukuma unga. Hakuniambia mwongo wee, wala hakunisomea kitu. Alikaa. Ndipo nikajua kwamba nilikuwa na shangazi ambaye jina lake lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu. Thuweiba. Aliungua kwa mafuta ya mandazi akiwa mdogo, huko Unguja. Babu alipofariki, ami Nassor, kijana mdogo aliyebebeshwa nyumba, alimtoa skuli kabla hata hajashika kusoma, akamwoza Pemba. Uzazi wa kwanza ukamchukua.

"Alikuwa kakonda?" Bibi akaniuliza.

Nikasema hapana.

"Mbona hamkumleta nyumbani akala?" Akajifunika uso kwa upande wa kanga yake yenye unga. "Siku zote hizo yuko hapo nyuma tu, na nyie hamkumleta akala."

Sijawahi kuulizwa swali zito kama lile.

Tulirudi uwanjani, siku nyingi baada ya hapo. Tulipiga hodi mpaka koo zikakauka, na majabali yalirudisha hodi yetu tu. Tukamweka Maryam golini, na Mungu amsamehe Maryam, alikuwa akiuona mpira anafumba macho. Tukawa tunafungwa ovyo. Watu wa Sohar walipelekewa jibu la adabu, na Zuwena akaendelea na skuli, ami Nassor mwenyewe akimpeleka asubuhi kwa pikapu na kumngoja mpaka aingie mlangoni.

Siku hizi wasichana wa Bawshar wana viwanja vya nyasi za bandia na mataa yanayowaka kama mchana. Binti yangu Ilham ana kocha, ana soksi za kufanana, na akikosa viatu vya rangi anayoitaka siku hiyo goti linamuuma. Nikimwambia sisi tulikuwa tunasoma ukurasa kwanza ananitazama kama nimemwambia tulipanda ngamia kwenda sokoni. Wazazi tunangoja ndani ya magari, viyoyozi vinanguruma, kila mtu na simu yake. Kule mbali golini kunaweza kusimama mtoto yeyote, na hakuna atakayeuliza wa nani, tena si kwa adabu.

Didi alirudi kijijini kwao. Siku moja alinipigia simu ya picha, kazeeka, meno yake yale yale. Akaigeuza simu nione: kiwanja cha vumbi, wasichana wa kijiji wamekaa chini na vitabu, wanasoma kwa sauti, na mpira umefungiwa kwenye kikapu mbele yao. Nililia mpaka Ilham akaniuliza nani kafa.

Na mahafali nayo siku hizi ni maputo. Mwaka huu nimekwenda ya mpwa wangu, sikumwona mhitimu hata mmoja kwa mikono ya watu iliyoinua simu. Nikakumbuka ile ya Zuwena, siku alipohitimu udaktari. Hatukuwa na maputo. Ami Nassor alifika mapema kuliko wote, kazeeka, na fimbo. Akakaa safu ya mbele, na kiti cha ubavuni kwake akakilazia ile fimbo. Ukumbi ukajaa, watu wakasimama ukutani. Mama mmoja akaja akaomba akae pale.

"Niwie radhi, mwanangu," ami akasema. "Pana mtu."

Jina la Zuwena liliposomwa nilimtazama yeye badala ya binti yake. Aliiondoa fimbo kwenye kile kiti akaishika mwenyewe. Na shughuli ilipokwisha, watu wanasukumana kutoka, hakuinuka. Alivuta magoti yake pembeni, akangoja kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake atangulie.