Asiklovir, Dawa Niliyoitoa Bila Kueleza Jina

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye famasi ya hospitali moja mjini Gitega, mkuu wa famasi alinipa boksi la vidonge akaniuliza limeandikwaje. Nikasoma: asiklovir.

"Umelitamka tu, hujalisoma," alisema. "'Vir' ni virusi. Majina ya dawa nyingi za kupambana na virusi huishia hivyo. 'Siklo' ni duara, na ile 'a' ya mbele inalikataa: umbo la dawa hii linakosa duara moja. Kwetu Burundi ndugu wa tumbo moja kila mtu ana jina lake. Dawa hubeba jina la ukoo."

Nililishika somo hilo. Miaka mingi baadaye, nikiwa msimamizi wa famasi Muyinga, alikuja Godeliva, mkulima wa Giteranyi. Alikuwa na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavu na kuunguza kama moto. Nikampa asiklovir. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nimechoka; nikamwambia saa za kumeza, basi.

Baada ya siku tatu alirudi na mfuko wa nguo. Mumewe, Melkiadi, aliyesomea ukimbizini Tanzania, aliliweka boksi lile kando ya dolutegravir, dawa ya UKIMWI anayotumia kaka yake. Akaona "vir" na "vir". Akadhani mkewe ana UKIMWI, akamwita malaya, akamfukuza.

"Mzee, twende ukamwambie," aliniomba.

Tukapanda baiskeli mbili za kukodi, magoti yakiniuma njia nzima. Melkiadi alitupokea uani, hakutupa hata kiti.

"Mi najua kusoma, mzee. Vir ni vir."

"Ni virusi, mwanangu, na virusi viko vya aina nyingi. Kirusi cha mkeo si cha UKIMWI, ni kile cha tetekuwanga aliyougua utotoni, kimeamka tu."

Akaniuliza: "Mbona hukumwambia siku ile?"

Nikamwomba radhi. Akamgeukia mkewe: "Basi, yameisha. Ingia ndani."

Godeliva hakusogea. "Jina la dawa limeelezwa. Na lile uliloniita mbele ya watoto?"

Akashika njia ya kwa mama yake. Alirudi baada ya mavuno, Melkiadi alipomfuata na wazee wawili na kukiri kosa lake mbele yao.

Sasa nimestaafu, naishi Nyamugari, na uchovu haujanitoka. Nanyi vijana wa famasi, foleni haiishi. Siku niliyoondoka watu walikuwa bado kwenye mstari. Mwelezeni mtu anachomeza. Mimi niliokoa dakika moja, Godeliva akakaa msimu mzima mbali na watoto wake.