Alama Kumi na Tisa za Mwalimu Adventina

Alhamisi, tarehe 16 Mei 2024. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu mpaka saa tatu, kisha jua dogo lisiloweza kukausha nguo. Siku hiyo kamati ya kuchagua vitabu vya kusomea Kiingereza vya darasa la tatu ilikutana Nyakanazi, katika ukumbi ulio nyuma ya nyumba ya wageni, kwa kuwa hapo watu wa Ngara na wa Biharamulo wanafika bila taabu kubwa. Mimi niliitwa kuandika muhtasari. Yale ambayo sikuyaona ukumbini nilielezwa baadaye na Mwalimu Adventina mwenyewe. Ni jirani yangu katika kijiji cha Ntobeye, wilaya ya Ngara, na alinikubalia niyaandike.

Adventina alizaliwa Bugarama mwaka 1973, mtoto wa nne wa wakulima wa kahawa na migomba. Nyumbani walisema Kihangaza. Kiingereza alikipata kwa mwalimu aliyekuwa na kitabu kimoja kwa darasa zima. Mwalimu alitamka sentensi, watoto sitini wakaifuatisha mpaka ikakaa kichwani. Anasema hata leo anaweza kukutolea ukurasa mzima wa kitabu kile, na yamo maneno ambayo hajapata kujua maana yake. Kwa njia hiyo alifaulu, akaenda chuo cha ualimu, akaajiriwa. Amefundisha miaka ishirini na minane, yote ndani ya wilaya ya Ngara. Mumewe, fundi baiskeli, alifariki mwaka 2011. Watoto wao wawili wanafanya kazi mbali.

Wazazi wanamjua kwa jambo moja: mgeni akiingia darasani kwake, watoto hawamwaibishi mwalimu wao. Akisikia mkaguzi anakuja, anafagilisha uwanja, anapanga madaftari, kisha anawapitisha watoto kwenye somo lile lile mpaka liteleze. Sijamsikia hata mara moja akiita jambo hilo udanganyifu. Kwake ni kama kutandika kitanda kabla mgeni hajalala.

Mwaka huu mradi mmoja wa elimu uliahidi kuzipatia shule za vijijini vitabu vya kusoma Kiingereza. Vingenunuliwa mara moja tu, na vingetumika miaka mitano. Baada ya mchujo zilibaki aina mbili. Majalada yalifunikwa kwa karatasi ya kaki ili mtu asimtambue mchapishaji, moja ikaandikwa A, nyingine B. Kitabu A kilikuwa kinene, jalada gumu, sentensi ndefu, picha ndogo chache. Kitabu B kilikuwa chembamba, sentensi fupi, picha kubwa. Shule mbili zilipewa A na shule mbili zikapewa B, wafundishe hadithi nne kwa wiki tatu. Halafu mjumbe wa kamati angefika, angechagua watoto ishirini kila shule, na kila mtoto angesoma aya moja kutoka katika hadithi hizo. Anayesoma vizuri anapata vema, na kitabu chenye vema nyingi ndicho kingenunuliwa.

Shule ya Adventina ilipata A. Nakala tano kwa watoto tisini na wanne.

"Nilijua siku ya kwanza kwamba hawakiwezi," aliniambia. "Sentensi moja mistari mitatu. Mtoto akifika mwisho ameshasahau alikoanzia."

Katika fomu ya mwalimu kulikuwa na nafasi ya kuandika hivyo. Aliiacha wazi, akafanya anachokijua. Alitamka, wakafuatisha. Asubuhi kabla ya kipindi cha hisabati walifuatisha, na mchana baada ya uji walifuatisha tena. Wiki ya tatu watoto wa darasa la pili waliokuwa upande wa pili wa ukuta nao walikuwa wameshaijua hadithi ya kwanza.

Tarehe saba Mei alikuja Priscila, afisa elimu kata kutoka Biharamulo, mama mnyoofu anayependa kazi yake. Watoto walisimama mmoja mmoja na kitabu mkononi. Mtoto wa saba, binti anayeitwa Nahimana, alifika mwisho wa ukurasa akaendelea na maneno ya ukurasa unaofuata bila kufunua. Priscila alikuwa ameinamia fomu yake akiweka vema. Adventina aliona. Alisogea taratibu, akamfunulia.

Shule yake ilipata kumi na tisa kati ya ishirini.

Basi pale Nyakanazi mwenyekiti wetu, Desderius, mratibu wa mradi, aliandika alama ubaoni. Shule mbili za kitabu B zilikuwa na kumi na moja na kumi na mbili, jumla ishirini na tatu. Za kitabu A zilikuwa na sita na kumi na tisa, jumla ishirini na tano. A ilikuwa mbele kwa mbili. Zile sita zilikuwa za Aristides, kijana wa miaka ishirini na minane anayefundisha Biharamulo.

Danstan, mwalimu mkuu wa shule mojawapo ya kitabu B, alimgeukia. "Aristides, hao watoto ulikuwa unawafundisha kwa simu?"

Watu wakacheka.

"Niliwafundisha kama tulivyoelekezwa, Mwalimu."

"Kitabu kile kile, wiki zile zile. Mama wa miaka hamsini na moja analeta kumi na tisa. Wewe na shahada yako sita."

"Kitabu ni kigumu. Nimeandika kwenye fomu."

"Kigumu Biharamulo, laini Ntobeye," Danstan akasema. "Labda ni maji mnayokunywa."

Desderius akagonga meza kwa kalamu. "Mwalimu Adventina, hebu tupe siri."

Adventina alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. "Nilirudia nao sana," akasema.

"Mmesikia? Kurudia. Mwandishi, iandike hiyo."

Nikaiandika. Kisha Desderius akasema maneno ambayo nayo ninayo katika karatasi zangu: "Tunakwenda chai. Nikitoka mlangoni nayatuma haya matokeo kwa simu, na agizo la vitabu linafungwa. Mwenye neno aseme sasa."

Alingoja. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma kwa kelele. Niliona Adventina akiinua kichwa, kisha akakiinamisha. Desderius akatoka.

Wakati wa chai Aristides alimfuata Adventina pale aliposimama na kikombe, karibu na dirisha. Mimi nilikuwa meza ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nina ombi. Jumatatu nije shuleni kwako nikae nyuma ya darasa nikuone unavyofundisha. Nitaomba ruhusa. Mkuu wangu ameshaniambia nikirudi na hizi sita ananitoa darasa la tatu." Akatabasamu kidogo. "Wale watoto nimewazoea. Na hicho kitabu ndicho watakachokaa nacho miaka mitano, afadhali nijue kinavyofundishwa."

Adventina aliweka kikombe dirishani. Chai ilikuwa haijaguswa.

"Hakifundishiki," akasema.

"Sijakuelewa, mama."

Adventina aliingia ukumbini akakaa mahali pake, na Desderius alipofungua tena kikao akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Zile kumi na tisa si za kusoma."

"Ni za nini?" Desderius akauliza.

"Za kukariri. Niliwaimbisha hadithi zote nne. Kitabu walikishika tu."

"Mama, usijishushe hivyo," Danstan akasema, bado ana kicheko.

"Sijishushi. Mtoto mmoja alisoma ukurasa ambao hakuwa ameufunua. Mimi ndiye niliyemfunulia."

Priscila akaweka kalamu chini. "Mbele yangu?"

"Mbele yako. Ulikuwa umeinama unaandika."

"Kwa hiyo nimetoka Biharamulo na pikipiki, kwenye tope lile, kuja kufanywa mjinga."

"Nisamehe. Naomba alama zangu zifutwe. Njooni tena, mchague hadithi ambayo sijaifundisha, mtaona. Hata watano hawafiki."

Desderius alitazama simu yake. Hakuwa mtu mbaya, na sauti yake haikupanda. Alisema matokeo yalikwishatumwa na yamekwishapokelewa. Alisema agizo la wilaya zote za mradi linakwenda kwa mchapishaji kesho saa sita, na kwamba kamati itakayosema haina uhakika itarukwa, fungu lake litahamia kwingine. "Tukifuta, shule zenu hazipati A wala B. Mnataka hivyo?"

"Afadhali tungoje," Aristides akasema.

"Tungoje nani?" Danstan akamjibu. Sasa hakuwa akicheka. "Shule yangu ina kitabu kimoja kwa meza tatu. Kitabu kigumu kina kurasa. Hewa haina."

Wakanyoosha mikono. Tulikuwa na wajumbe saba. Watano walikubali A. Waliokataa walikuwa Adventina na Aristides.

"Mwandishi," Desderius akasema, "andika kwamba mwalimu amekiri kukiuka utaratibu wa upimaji. Ataandika barua ya kujieleza kwa mwalimu mkuu wake, nakala kwetu."

Nikauliza alama za shule yake niandike ngapi.

"Kumi na tisa. Ndizo zilizokwenda."

Nikaandika kumi na tisa, na chini yake nikaandika kwamba si za kweli. Muhtasari ule una mambo yote mawili katika ukurasa mmoja, na wote saba waliusaini.

Saa kumi tulitawanyika. Gari la mradi lilikuwa likisubiri watu wa Ngara, na Aristides alikuja mpaka mlangoni kuaga. Nilidhani angemshukuru, maana sasa zile sita zilikuwa alama za haki kuliko zote ubaoni. Alimpa mkono kwa heshima, akainama kidogo.

"Mama, ungesema asubuhi."

"Ndiyo," Adventina akasema.

Njiani, kiti cha mbele, Danstan alikuwa akizungumza na dereva habari za maharage, kwamba mwaka huu yameoza shambani kwa mvua. Adventina alishuka penye njia ya kwake, akavua viatu kwa sababu ya tope, akapanda kilima akiwa amevishika mkononi.

Kesho yake, Ijumaa, alifika shuleni saa kumi na mbili na nusu. Barua ya kujieleza, ya ukurasa mmoja na nusu, ilikuwa tayari. Aliiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, akaenda darasani. Watoto walipomwona na kitabu wakaanza wenyewe kwa sauti moja, hadithi ya kwanza, kama walivyozoea. Aliwaambia wanyamaze. Alifungua kitabu katikati, mahali ambapo hawajawahi kufika, akaweka kiti kando ya meza yake, akawaita mmoja mmoja kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio. Kila mtoto alionyeshwa mstari mmoja. Aliyeweza alipigiwa alama ya vema, asiyeweza alipigiwa alama ya kosa, hakuna aliyegombezwa. Wengi walilitazama neno la kwanza, kisha wakamtazama yeye wakingoja alitamke.

Nilipita saa nne kumletea nakala ya muhtasari. Alikuwa amefika mtoto wa arobaini na mmoja. Waliosoma walikuwa watatu. Aliichukua nakala bila kuifungua, akaiweka chini ya daftari, akaita wa arobaini na mbili.